Mizinga ya Baba Njue na Mwaka wa Nzige

Kama umeajiriwa juzi kwenye kilimo, ukapewa shati lenye nembo na pikipiki ya ofisi, kuna jambo moja ulijue kuhusu mimi kabla hujanisikiliza. Mimi siamini watu. Hata haya ninayokuandikia nitayasoma mara mbili kabla sijayaamini. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani. Nilianzia Kianjai, nikamalizia Siakago, na humo katikati nimedanganywa na wanaume, wanawake, machifu, wauza mbegu na mbuzi mmoja.

Nianze na huyo mbuzi. Kianjai tulikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka nikihakikisha kila mkulima aliyepewa mbuzi bado anaye. Boma la kwanza nikamkuta beberu mzuri wa mbegu, mweusi, sikio moja jeupe. Nilipoinama kuandika akanitafuna ukurasa wa daftari. Wiki iliyofuata, boma lingine ng'ambo ya kilima, nikaonyeshwa beberu mweusi mwenye sikio moja jeupe. Mwenye boma akaapa kwamba amemlea tangu akiwa mdogo. Mbuzi mwenyewe aliponiona alikuja moja kwa moja, akaanza kutafuna daftari pale pale alipoachia. Ndipo nilipojua kwamba kijiji kizima kilikuwa na mbuzi mmoja anayenitangulia kila niendako.

Mkubwa wangu wa kwanza, Bwana Rutere, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniambia kitu kilichonilea kazini: "Kagwiria, usiandike usichokishika." Yeye mwenyewe akionyeshwa gunia la mahindi alipitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, aone kama chini kuna mahindi au kuna mawe. Nikajifunza hivyo. Nikawa mtu wa kuchimba, kufungua, kunusa na kuuliza swali moja mara tatu. Wakulima waliniita madam kwa adabu, na nikigeuka waliniita polisi wa mahindi. Nilijua, na nilipenda.

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe. Mwaka wa 2020 watu wengi wanaukumbuka kwa barakoa. Shule zilifungwa, kukawa na kafyu, mazishi yakawa ya watu wachache, na mtu akikohoa sokoni tulimwangalia kama mwizi. Mimi naukumbuka kwa nzige. Nzige walitangulia kufika, tena mwaka huo ndio niliofanya kosa kubwa kuliko yote ya kazi yangu, nikiwa nimebakiza miezi tu nistaafu.

Kwanza walikuja kwa simu. Kila asubuhi nilipokea picha za nzige kutoka kila pembe. Mtu mmoja alinitumia picha akasema imepigwa Nkubu, nyuma ya duka lake, dakika hiyo hiyo. Nkubu ndiko kwetu, nilizaliwa huko. Nyuma ya nzige kwenye ile picha alikuwa amesimama ngamia. Nikamjibu, "Nisalimie huyo ngamia, na umwambie karibu Nkubu." Hakujibu mpaka leo.

Kisha chifu mmoja wa upande wa Siakago akanipigia akipiga kelele. "Madam, nzige wamefunika jua! Kuja haraka, hatuoni!"

Nilifika nikakuta jua liko pale pale, na panzi wa kijani wapatao kumi kwenye ua wa shule.

"Wengine wameenda," chifu akasema. "Wamesikia unakuja."

Kwa hiyo walipofika kweli, sikuamini hata macho yangu. Nilimdaka mmoja kwanza. Fanyeni hivyo na ninyi, picha ya simu haitoshi. Mfungue bawa la nyuma. Kama lina mkanda mweusi, huyo ni panzi mkubwa wa mitini anayezaliwa huku huku. Kama ni jeupe tupu, lala macho wazi. Halafu tazama rangi ya mwili. Wa waridi bado ni kijana, anakula na kupita. Wa manjano amekomaa, na jike wa manjano anatafuta mchanga wenye unyevu ili atage. Wale niliowashika Siakago walikuwa wa manjano.

Watu walipiga sufuria na mabati, wengine walichoma matairi, na wengine walijaza magunia wapeleke kwa kuku. Mimi nilianza kutafuta mayai, kwa sababu nzige anayeruka ni vigumu kumpata, lakini tunutu, yaani nzige mchanga asiye na mabawa, anakungoja chini. Ofisi ilitoa fomu. Kila mahali pa kupulizwa dawa tulitakiwa kuandika jina la mwenye shamba, maji yako wapi, na idadi ya mizinga ya nyuki. Dawa ile haibagui, inaua nyuki kama inavyoua nzige. Mizinga ikijulikana mapema, mwenyewe anaifunika kwa magunia jioni nyuki wakisharudi, au sehemu hiyo inarukwa.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Nthiga. Kila mtu alimwita Baba Njue, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, mwenye kuongea kidogo, na shamba lake lilifuata mto wa mchanga unaopata maji wakati wa mvua peke yake. Ilijulikana sokoni kwamba asali yake haina mfano, na kwamba mizinga aliachiwa na baba yake, magogo yaliyotobolewa na kuchongwa alama ya ukoo. Ila ilitundikwa wapi, hapo kila mtu alikuwa bubu.

Nilimkuta mtoni, ameegemea jembe.

"Baba Njue, huku una mizinga mingapi?"

"Ya nini?"

"Ya fomu. Tutapuliza dawa, na dawa inaua nyuki."

Akaangalia kalamu yangu. "Mwaka jana mlituhesabu sisi. Mkahesabu mbuzi. Mkauliza hata nyumba ni ya mabati ama ya nyasi. Sasa mmefika kwa nyuki?"

"Hiyo ilikuwa sensa. Mimi ni wa kilimo."

"Nyote mnakujanga na kalamu."

Nikamuuliza kama nzige wametaga pale. Akasema hakuna nzige, walipita tu. Nilikuwa nikimwona jike wa manjano hatua kumi nyuma yake, mkia wote umezama mchangani. Nikachukua jembe lake, nikachimba, nikatoa fungu la mayai yameshikana kama wali ulioungulia. Nikamwekea mkononi.

"Labda hawa wamekuja saa hii," akasema.

"Na mizinga?"

"Hakuna."

Kisha, nilipokuwa nageuka, akaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini madam, hapa msipulize."

"Kwa nini?"

"Msipulize tu."

Mwonekano wake ulinipa jibu, au hivyo nilivyodhani. Kwenye ua wake nilikuwa nimeona magunia mawili ya nzige waliokaushwa. Nikajiambia, huyu anafuga kuku kwa nzige, anataka waanguliwe hapa apate chakula cha bure, na Mbeere nzima, nchi yote hii ya Siakago, itakula vumbi. Nikatabasamu lile tabasamu langu la polisi wa mahindi. Kwenye idadi ya mizinga nikaandika: hakuna. Amesema mwenyewe, sivyo?

Nilipokuwa naandika, nyuki walikuwa wametua kwenye mchanga mbichi kando ya kisima alichochimba mkewe. Mmoja alitua kwenye kifuniko cha chupa yangu ya chai. Nikampuliza akaruka.

Hapo wanangu, someni polepole. Nilishuku kila neno la mtu yule. Neno moja tu niliamini, na ndilo lililokuwa uongo. Niliamini kwa sababu lilinirahisishia kazi.

Tena nilikuwa sina kisingizio. Mimi si mgeni wa mambo haya. Mama yangu, huko Nkubu, aliulizwa na muuguzi ana watoto wangapi, akasema, "Ni hawa," na alikuwa amembeba mmoja tu kati yetu tisa. Babu yangu hakuhesabu mbuzi hata siku moja. Alisimama mlangoni wakiingia, akajua nani hayupo. Kuhesabu hadharani kitu unachokipenda ni kukiita kifo kije kichague, hivyo ndivyo tulivyolelewa, Wameru kwa Wambeere. Mtu anayeulizwa idadi ya mizinga na mgeni mwenye kalamu hana majibu mengi. Atasema hakuna, na moyoni atatumaini kwamba umeelewa. Nilipaswa kuelewa. Nilikuwa nimevaa shati la nembo, nikajisahau.

Tunutu walianguliwa, mchanga ukawa mweusi unatembea. Kikosi kilikuja asubuhi na pampu za mgongoni, nami nikasimamia upepo kama nilivyofundishwa, tukienda nao bila kupingana nao. Kufikia saa nne mto mzima ulikuwa umenyamaza. Niliona fahari, sitawaficha. Nilimpigia mkubwa wangu nikasema kazi imekuwa safi sana.

Siku ya tatu Baba Njue aliingia ofisini na kiondo. Hakusalimu. Alisukuma karatasi zangu pembeni, akakipindua kiondo juu ya meza. Ilikuwa milima ya nyuki waliokufa. Wengine walikuwa bado wanatetemesha miguu.

"Ulitaka idadi," akasema. "Hesabu."

Nikatafuta neno la ofisi, nikapata baya kuliko yote. "Lakini uliniambia hakuna mizinga."

"Nilikuambia msipulize."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameniambia.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa kwenye kiti cha wageni akaniambia kwamba mwanawe Njue amepata mchumba, binti anaitwa Kendi, na baada ya mvua walikuwa waende kwao kwa mazungumzo. "Asali ya Njue ingetoka kwa hawa," akasema. "Ya mizinga ya baba. Na huyo binti ni wa huko kwenu. Nkubu."

Kwetu, wanangu, unaweza kuleta ng'ombe wa kujaza uwanja. Bila asali mazungumzo hayajafunguliwa. Wazee wataonja, wataulizana kwa macho, watauliza ilikotoka, na ukisema imenunuliwa dukani watakukaribisha chai na kukusindikiza barabarani. Nilijua wazee hao. Wengine ni wajomba zangu. Nililia mbele yake, mimi niliyezoea kuwaliza watu.

Wiki hizo hizo corona ikafika nchini. Mikutano ikapigwa marufuku, na safari ya Nkubu ikaahirishwa bila tarehe. Ugonjwa ule umewanyang'anya watu wengi wapendwa wao, sitausifu, lakini kwa Baba Njue ulileta muda. Nikaamua kuutumia muda huo kujisafisha. Nilimwendea kaka yangu, naye ana mizinga yake kwenye mteremko juu ya Nkubu, nikapata mtungi wa asali ya mwituni, nzito, nyeusi. Nikaubeba mpaka Siakago, barakoa usoni, nikauweka mlangoni kwa Baba Njue, nikarudi nyuma hatua nne kama tulivyoagizwa.

Alitoka na kiberiti. Akachovya njiti kwenye asali, upande wa baruti, akaipangusa kidogo, akaikwaruza. Asali iliyochanganywa na maji ya sukari haiwashi. Nilisimama pale, mimi niliyepitisha mkono kwenye magunia ya watu maisha yangu yote, nikajua jinsi inavyouma kupimwa hivyo. Njiti ikawaka.

"Ni nzuri," akasema. Akafunga mtungi, akausukuma kwangu kwa mguu. "Lakini ni ya kwenu. Nitapelekaje kwenu asali ya kwenu?"

Nilirudi nayo. Hata mimi ningekuwa mzee wa Nkubu, ningeitambua ile asali kwa tone la kwanza.

Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa, mkumbuke. Vichaka vikachanua mpaka harufu ikaingia ofisini. Nilisikia kwa watu kwamba Baba Njue amesafisha magogo yake, ameyafukiza moshi, ameyapaka nta ndani, ameyarudisha mitini matupu, anangoja. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Nyuki hawaletwi, wanaitwa. Sikuthubutu kuuliza kama wamekuja. Nilipita barabara ya mbali kwa miezi kadhaa nisionane naye.

Mwaka ukielekea ukingoni habari zikaja kwamba nzige wengine wanashuka kutoka kaskazini. Mkubwa wangu akanipa fomu. Ilikuwa fomu ile ile, na sehemu ile ile: idadi ya mizinga. Nilikaa nayo mezani nikihisi harufu ya wale nyuki. Nilikuwa nimebakiza wiki chache kazini, ningeweza kumwachia afisa kijana. Nikapanda pikipiki.

Nilimkuta Baba Njue pale pale mtoni. Alipoiona ile karatasi, uso ulijifunga kama mlango. Nikaikunja mbele yake, nikaitia mfukoni.

"Baba Njue," nikamwambia, "nyuki wako wanakunywa maji wapi?"

Alinitazama kutoka viatu mpaka barakoa, akitafuta mtego, na simlaumu.

"Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Wewe."

Akachukua panga, akaanza kutembea. Nikamfuata, hatua nne nyuma, kwa corona na kwa adabu. Tukafuata mto chini ya migunga. Akawa ananyoosha panga juu bila kusimama. "Huu ulibaki. Ulikuwa mbali na upepo wenu." Baadaye kidogo: "Huu waliingia mvua ikianza." Kisha: "Huu ni wakali, usiinue kichwa." Nami nilitazama miguu yangu. Niliangalia mchanga, mizizi, nyayo za mbuzi, chochote kisichokuwa juu. Mpaka leo ukiniuliza ni mingapi, nitakuambia sijui, na nitakuwa nasema kweli.

Tulipofika mwisho nilifunga kitambaa chekundu kwenye mti, na kingine tulikoanzia. Nikamwambia kwamba katikati ya vile vitambaa viwili hakuna mtu atakayeingia na pampu, hata mimi nikiwa nimeshaondoka. Na hapo ndipo akili yangu, baada ya miaka thelathini na ushee, ilipofunguka. Mwenye pampu hahitaji idadi. Anahitaji kujua aanzie wapi na aishie wapi. Ile idadi haikuwahi kumsaidia nyuki yeyote. Iliwekwa tu kwenye fomu kwa sababu fomu hupenda namba.

Nzige hawakutua pale. Walipita juu upande wa mashariki, upepo ukawachukua. Mkubwa wangu akanipigia simu.

"Madam, hujajaza idadi ya mizinga."

"Nimejaza."

"Umeandika 'ipo'."

"Ndiyo. Ipo."

"Ipo mingapi?"

"Ipo kati ya vitambaa vyekundu. Waambie wasipite hapo."

Akasema nimezeeka. Nikamwambia ndiyo maana nastaafu.

Siku yangu ya mwisho ofisini, saa sita mchana, Baba Njue alikuja. Nilipoona kiondo nilishtuka, nikasogeza karatasi zangu mwenyewe. Alitoa chupa ya asali akaiweka pale pale alipomwaga nyuki.

Nikamuuliza kama walifika Nkubu. Akasema walifika, wachache, na barakoa zao, kama serikali ilivyotaka.

"Na asali?"

"Wakaonja. Wakaulizana kwa macho. Wakaonja tena." Akatikisa kichwa. "Hao watu wa kwenu wanashuku, madam."

"Najua."

"Wakasema binti aitwe."

Ndipo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na mimi nikacheka na barakoa yangu imelowa machozi.

Nilifika nyumbani nikaiweka ile chupa mezani, nikachukua kiberiti, kwa mazoea tu. Nikatoa njiti. Nikafungua chupa. Asali ilikuwa ya dhahabu, na harufu yake ilikuwa ya maua ya mgunga. Nilikaa na njiti mkononi muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mzima. Kisha nikaikwaruza kavu, nikawasha jiko, nikapika chai, nikatia asali vijiko viwili, nikanywa.